Jina Nitakaloliita Kisiwani

Mpendwa Mama Chelangat,

Barua ya binti yetu ilifika Jumanne. Nimeisoma mara nne, na kila mara nimekwama mahali pale pale, kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza. Ana mimba ya pili. Mtoto atazaliwa kabla hatujamaliza kuvuna mahindi. Ameandika hivi: "Baba, njoo wewe umwite. Mama hayupo, na sitaki mtoto huyu aanze maisha bila kuitwa."

Ninaogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe peke yako uliyejua kwamba mimi ni mwoga. Watu wengine wote hapa Mogogosiek, kuanzia wanafunzi niliowachapa hadi wazee wenzangu wa kanisa, wananijua kuwa mtu mkali, na mtu mkali hudhaniwa kuwa jasiri. Hawakuniona kwenye meli ile. Wewe uliniona.

Unakumbuka tulivyokwenda. Chelangat alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kule kwenye kisiwa cha Wagiriki, nyumbani kwa mumewe, Nikos, yule fundi wa injini za meli aliyekutana naye alipokuwa akisomea uuguzi ng'ambo. Alikataa mtoto aitwe na mtu mwingine yeyote. Alikutaka wewe, mama yake, uketi naye na kutaja majina ya marehemu wa ukoo wetu, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya na kutuonyesha ni nani aliyerudi. Mimi nilipinga. Nilikwambia kwamba mzee wa kanisa hawezi kusafiri nchi tatu kwenda kumwekea mtoto mchanga ugoro puani. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukafunga ugoro katika pembe ya leso yako, ukaipiga mafundo mawili mbele ya macho yangu, ukasema, "Basi wewe utaenda kuangalia mandhari."

Ndege sikuiogopa sana kwa sababu nilifumba macho. Meli ndiyo iliyonivunja. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nilishika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili na sikukiachilia kwa saa tano. Wewe ulikuwa umeketi kwenye benchi, umevaa sweta yako ya kijani, unakula mkate tuliopewa na watu tusiowajua.

"Mwalimu," uliniambia, "unakaa kama ng'ombe amekataa kuingia dipu ya kupe."

"Niache."

"Hata ng'ombe hufika mahali akaruka. Maji imekufanyia nini wewe?"

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na minane, na swali hilo uliniuliza kila tulipovuka daraja, na kila mara nilinyamaza. Ulinitazama kidogo, ukaurudia mkate wako.

Halafu kisiwa kilitokea. Watu walisimama wote wakaanza kupiga picha, nami nikadhani kuna ajali. Ulikuwa mwamba mkubwa uliotoka majini, mkavu, wa rangi ya mfupa wa zamani, na huko juu kabisa, ukingoni, nyumba nyeupe zilikuwa zimebanana kama kondoo wanaoogopa mvua ya mawe. Sikuona shamba. Sikuona mti wa maana. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo kila jicho likienda linakutana na kijani, chai mpaka upeo wa macho, nilijiuliza binti yangu amekuja kula nini hapa. Wewe ulisema, "Angalia vile imepakwa chokaa! Kama miti ya shuleni kwako siku ya wageni." Ulikuwa unafurahi. Nakiri kwamba palikuwa pazuri. Uzuri ule uliniogopesha kuliko kitu kibaya, kwa kuwa kila mtu aliutazama akasahau kutazama anapokanyaga.

Gari halikuweza kufika juu. Mizigo ilipandishwa na punda, hata mitungi ya gesi na mifuko ya saruji, na watu walipanda ngazi za mawe zilizochongwa kwenye ubavu wa mwamba. Nilizihesabu, kwa sababu mtu akiwa na hofu ni afadhali ahesabu. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa nyumba za watu. Upande wa pili, kijiukuta kilichofika gotini, na nyuma yake hewa tupu, na chini ya hewa ile, bahari. Nikos alikupa mkono. Ukamwambia, "Ahsante, kijana, mimi ni mtu wa milima."

Ulipanda ngazi ishirini na tano hivi, ukaketi.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Naangalia bahari."

Nami nikashukuru! Mungu anajua jinsi nilivyoshukuru. Kila ulipoketi nilipata ruhusa ya kuegemea ukuta na kufumba macho bila kuchekwa. Uliketi mara saba kabla hatujafika juu. Kila mara nilikuuliza, na kila mara ulinipa jibu lile lile. "Naangalia bahari." Sikufikiri zaidi ya hapo. Ningefikirije? Wewe ndiwe uliyebeba kikapu cha majani ya chai mgongoni kutoka kule chini mtoni hadi kituo cha kupimia, ukaimba njia nzima, hata kukiwa na mvua. Mtu wa namna hiyo hachoshwi na ngazi. Hivyo ndivyo sisi watu wa huku tunavyodhani: aliyezaliwa mlimani hana mlima wa kumshinda.

Mlangoni alitupokea mama yake Nikos, Bibi Irini, mjane aliyevaa nguo nyeusi tangu kichwani hadi miguuni. Alikuwa amempakata mjukuu wetu. Ulimfunua uso, ukasema kwa sauti kuu kwamba ni mzuri mno. Papo hapo yule mama akamtemea mtoto mate. Tu, tu, tu! Mara tatu.

Damu yangu ilichemka. Niligeuka nimwambie Chelangat kwamba tunaondoka. Nawe ukacheka mpaka ukashika kifua.

"Baba Chelangat, tulia! Huyu ni mtu wetu! Si hata babako alikuwa anatemea watoto baraka?"

Ukainama, ukamtemea mtoto kidogo kwenye paji la uso, vile vile wanavyofanya wazee wa kwetu. Bibi Irini alikutazama macho yamemtoka. Kisha alikukumbatia na kukuvuta jikoni, na tangu saa ile mlizungumza, wewe kwa Kikipsigis na yeye kwa Kigiriki, bila mkalimani, siku kumi na mbili. Sijui mliambiana nini. Nilisikia vicheko tu, na mara moja nilisikia mkilia.

Ulipanga kumwita mtoto siku ya tatu, asubuhi, jikoni. Kwa kuwa nilikuwa nimepinga, na kwa kuwa hiyo ni kazi ya akina mama, nilitoka nje. Nje palikuwa na kibaraza chenye upana wa hatua nne, na baada ya hatua ya nne hapakuwa na kitu. Niliketi chini, nikabana mgongo kwenye mlango. Jirani alikuwa ameanika pweza kwenye kamba, kama mtu aliyeanika soksi. Nilimtazama yule pweza ili nisitazame maji. Ndani nilikusikia ukianza.

Ulimwita baba yako. Kimya. Ulimwita baba yangu. Kimya. Ukaita babu, ukaita nyanya, ukaita shangazi yako aliyekulea. Kila ukitaja jina ulinyamaza kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na kutega sikio. Mtoto hakupiga chafya. Nilisikia Chelangat akisema, "Mama, ongeza ugoro," nawe ukamjibu, "Si ugoro. Hajasikia mtu wake."

Hapo ndipo hofu nyingine ilipoingia. Nilikuwa nimesema jambo lile ni upuuzi. Sasa nilikuwa nimeshika kizingiti, nikimwomba Mungu yule yule niliyedhani namtetea alete chafya moja. Niliwaza: ikiwa hakuna anayerudi, basi mtoto huyu amezaliwa mbali mno. Wetu wameshindwa kuvuka maji.

Sauti yako ikapita kwenye mlango. "Mwalimu, njoo."

Niliingia. Bibi Irini alikuwa amekaa kimya mikono mapajani, kama aliye kanisani. Ulinitazama, ukaniuliza polepole, "Umemficha nani?"

Kwa miaka hamsini na mitatu sikuwa nimelitaja jina lile. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunavusha ndama mtoni, maji yamejaa, na nilikuwa nimemshika mdogo wangu mkono. Maji yaliongezeka ghafla. Mkono ule ulikuwa mdogo na ulikuwa umelowa. Nilimwambia baba kwamba alijiponyosha mwenyewe. Hilo halikuwa kweli, Mama Chelangat. Mimi ndiye niliyeachilia ili nishike mzizi.

Jikoni kwa watu wale sikusema hayo yote. Nilisema neno moja tu. Nilisema, "Kiprono."

Mtoto alipiga chafya iliyomtikisa mwili mzima.

Chelangat alipiga vigelegele. Bibi Irini alijifanyia ishara ya msalaba mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nikos alikuja mbio kutoka chumbani akidhani kuna mtu ameumia. Nawe hukufurahi kama wao. Ulinijia, ukanishika kiganja, ukasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni hiyo ndiyo imekuwa inakutisha. Ungeniambia tu." Usiku uleule nilikusimulia yote, nawe hukunilaumu. Kesho yake nilishuka nawe hadi baharini, nikatia vidole vya mguu majini, ukacheka, tukapanda tena zile ngazi. Uliketi mara tisa.

Mara tisa, Mama Chelangat. Siku ile nilikuwa nimepunguza hofu, nilikuwa na macho ya kuona, na bado sikuona.

Ulirudi nyumbani ukaendelea kuchuma chai. Baada ya miezi saba tulikuwa hospitalini Kericho, wewe kitandani, na daktari akinihoji kwenye ukumbi. Alikuwa kijana mpole. Aliniuliza, "Mzee, huyu mama hakuwa anaishiwa pumzi akipanda mlima?" Nilimjibu mara moja, kwa uhakika wa mtu aliyezoea kujibu, "Hapana, daktari. Mke wangu ni mtu wa milima." Aliandika. Alipokuwa akiandika, zile ngazi nyeupe zilinijia zote mia mbili na kumi na nne, na mahali saba ulipoketi, na mahali tisa. Nilimwita asimame. Alikuwa tayari ameingia wodini. Ulifariki siku ya tatu. Daktari alisema kwamba moyo wako ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na pengine hakuna ambacho kingebadilika. Lile neno "pengine" nimelilalia tangu siku hiyo.

Picha alizopiga Nikos zililetwa na posta baada ya mazishi. Ziko kumi na moja. Katika picha zote mimi nimesimama, nimeshika ukuta, nimefumba macho. Katika picha zote wewe umeketi. Katika tatu umeweka mkono kifuani. Nyuma yako bahari inang'aa, na hukuitazama hata katika picha moja. Ulikuwa unanitazama mimi, uone kama nimeanguka.

Sasa unajua kwa nini nakwama kwenye mstari ule. Tulikuwa watu wawili wa kufichana. Mimi nilificha maji, wewe ukaificha pumzi yako usije ukanizidishia woga. Mimi uliniuliza mpaka nikasema. Mimi niliridhika na jibu lako la bahari.

Nilipopata barua hii nilikwenda kwa dada yangu Rael, kule Boito, nikamwambia kwamba kazi ya kuita ni ya akina mama na kwamba yeye ndiye anayestahili kwenda. Alikuwa ameketi jikoni anapeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Mimi na hii miguu? Imefura hivi, nipande mawe ya wazungu? Aliita nani, mimi ama wewe?"

"Mimi sijui kuita."

"Hujui? Si umeita majina maisha yako yote?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini usiite kama unasoma rejista. Mtoto ataogopa. Ita kama mtu anaita mtu wake ako jikoni."

"Na nikimwita, asiitike?"

Rael aliweka ungo chini. "Nani?"

Nadhani alinielewa, kwa sababu alinimiminia chai ya pili bila kuniuliza.

Hili ndilo ninaloliogopa, na nitaliandika moja kwa moja. Meli siiogopi tena sana. Ninaogopa kusimama katika jiko lile bila wewe, na kuita jina lako, na kupata kimya. Miaka thelathini niliita rejista. Jina lililokosa jibu nililiandikia kwamba mwenyewe hayupo, nikaenda kwa linalofuata. Sitaweza kwenda kwa linalofuata. Na naogopa vilevile kwamba mtoto atapiga chafya, maana wanaoitwa ni marehemu peke yao, na tangu tukuzike sijalitaja jina lako hata mara moja. Hata ulipokuwa hai sikulitaja. Nilikuita Mama Chelangat kwa heshima, na watu walinisifu kwa heshima hiyo, na sasa siku ya kukuita imefika na ulimi wangu haulijui jina la mke wangu.

Kwa hiyo nimeanza kujifunza. Jana asubuhi nilishuka hadi kwenye mistari yako ya chai, ile ya karibu na mto, kabla ukungu haujainuka. Hapakuwa na mtu. Niliita mara ya kwanza, na Rael alisema kweli: ilitoka sauti ya rejista. Ndege waliruka. Niliita mara ya pili nikaishia nusu ya jina. Mara ya tatu nilijifanya niko nje ya nyumba, nimetoka kukama, na wewe uko jikoni na chai iko tayari. Nikaita:

"Tabutany?"

Lilitoka vizuri. Nilisimama pale nikisikiliza mto, ule ule mto uliomchukua Kiprono, wala sikuondoka mpaka jua lilipotokea.

Nitakwenda. Nimemwandikia binti yetu leo asubuhi kwamba nitakwenda. Leso yako nimeitoa sandukuni. Fundo moja bado limefungwa, na ugoro umo ndani; sikulifungua, nitalifungua kule. Bibi Irini atamtemea mtoto mate, nami safari hii nitamtemea pia. Kisha nitawaita wengine kwanza, kwa utaratibu, na mwisho nitakuita wewe.

Jambo moja nakuomba. Najua zile ngazi ni nyingi. Usiharakishe kwa ajili yangu, wala usinifiche. Nikikuita na chumba kikakaa kimya, sitaandika kwamba hupo. Nitajua kwamba umeketi mahali fulani kule chini, mkono kifuani, unatafuta pumzi, na nitawaambia wote waliomo jikoni wanyamaze, wangoje. Pumzika kadiri utakavyo. Safari hii sitasema kwamba unaangalia bahari.

Ni mimi mumeo, ninayeogopa na ninayekuja,

Baba Chelangat